Hill wa 1893 si Hill wa 1901

Tangu tarehe 29 Julai 2025, kampuni mbili za reli za Marekani, Union Pacific na Norfolk Southern, zilipotangaza kwamba zinataka kuwa kampuni moja kwa mapatano ya dola bilioni 85, wakubwa wa reli wa karne ya 19 wamekuwa wakifukuliwa makaburini na kila upande. Wanaoshabikia muungano wanasema safari iliyoanza Promontory, Utah, mahali reli ya mashariki na ya magharibi zilipokutana mwaka 1869, sasa ndiyo inafika: kampuni moja kutoka Atlantiki hadi Pasifiki, zaidi ya maili 50,000 za njia, majimbo 43. (Ile reli ya 1869 iliyopigiwa ngoma dunia nzima ilikuwa ya kampuni mbili, na yenyewe ilianzia Omaha, katikati ya nchi, ikaishia Sacramento.) Wapinzani wanasema ni wale wale matajiri waporaji, wamebadilisha nguo tu. Na katikati ya ubishi huo hutajwa James Jerome Hill, mwenye Great Northern, mtu anayesifiwa kwamba alifikisha reli Pasifiki bila senti ya serikali na bila kufilisika. Mimi jina lake nililisikia kwanza huku kwetu, katika mabishano ya SGR, bwana mmoja akilitumia kama rungu: mbona Hill hakukopa serikalini? Nikaenda kumsoma ili nipate la kumjibu.

Nilichokikuta ni kwamba watu wawili wamepewa jina moja. Yuko Hill aliyefikisha reli yake Pasifiki mwaka 1893, mtu wa kupima miinuko, kuhesabu tani na kutafuta mzigo wa kwenda na wa kurudi. Yuko na Hill wa 1901, aliyekusanya reli za washindani wake na kuzitia katika kampuni moja hodhi, yaani ya kushika hisa za kampuni nyingine, mpaka serikali ikampeleka mahakamani. Wa kwanza alishusha gharama kwa kujenga vizuri, na kwa kuwa hakuwa na mzigo, ilimbidi amgawie mkulima na mkata mbao sehemu ya nafuu ile. Wa pili alikuwa na mzigo tayari, akawa anatafuta usalama. Wanaotetea muungano wa leo wanachukua sifa za wa kwanza kumwekea dhamana wa pili, na wanaoupinga wanachukua makosa ya wa pili kumhukumia wa kwanza. Tusipowatenganisha hawa wawili, hatutaelewa kinachoombwa sasa mbele ya Bodi ya Usafiri wa Nchi Kavu ya Marekani, inayoamua kama reli ziruhusiwe kuungana.

Hill alizaliwa mwaka 1838 karibu na Rockwood, Ontario, Kanada. Utotoni jicho lake la kulia lilipofuka kwa ajali ya upinde na mshale. Baba alifariki yeye akiwa na miaka 14, shule ikaishia hapo. Mwaka 1856 alifika St. Paul, Minnesota, akaajiriwa kuwa karani wa mizigo kwenye gati la meli za mto Mississippi, na kwa zaidi ya miaka 20 hakumiliki reli yoyote. Wasifu mwingi huipita miaka hiyo haraka, nami naona ndiyo iliyomtengeneza. Alikuwa akipokea magunia na mapipa, akiandika stakabadhi, akijua kitu gani kimelala gatini siku ngapi na nani analipia kulala huko. Akaingia biashara ya kuni, kisha makaa ya mawe, akawa muuzaji wa nishati kwa reli ya St. Paul & Pacific, maana yake akawa anaijua reli hiyo kwa ankara zake kabla hajaijua kwa hisa zake. Akaendesha meli katika mto Red pamoja na Norman Kittson, akalisafiri bonde lile wakati wa barafu kwa sleji za mbwa. Kwa hiyo udongo mweusi wa bonde la mto Red, uliokuja kuzaa ngano ya kutisha, hakuusoma kwenye prospekta ya dalali. Alikuwa ameukanyaga.

St. Paul & Pacific iliangushwa na msukosuko wa fedha wa 1873. Hatifungani zake nyingi zilikuwa mikononi mwa Waholanzi, watu wa Amsterdam waliokuwa wamechoka kungoja riba isiyokuja. Juu ya hayo, Minnesota ilivamiwa na nzige kuanzia 1873 hadi 1877, na ngano ikaliwa shambani. Mwaka 1878 Hill, Kittson, Donald Smith wa Hudson's Bay Company na George Stephen, rais wa Benki ya Montreal, walizinunua hatifungani hizo kwa bei ya chini sana kuliko thamani iliyoandikwa juu yake, huku fedha zao wenyewe taslimu zikiwa kidogo. Wakakimbizana na muda kuifikisha njia mpakani mwa Kanada, kwa sababu wasingefika kwa wakati wangepoteza haki ya ardhi. Walifika. Nzige wameondoka, mavuno yamerudi, wahamiaji wanamiminika kwenda Winnipeg na reli ya kuwabeba ni ile moja. Mwaka 1879 ikapewa jina jipya, St. Paul, Minneapolis & Manitoba, ile iliyokuja kuwa Great Northern, na wabia wanne wakawa matajiri kwa kipindi kifupi hata mtu ukisoma hesabu unaanza kutafuta kosa.

Wapo waliolitafuta. Jesse Farley, aliyekuwa msimamizi wa reli hiyo wakati wa ufilisi, alishtaki akidai aliahidiwa fungu kwa msaada aliotoa. Tafakari dai hilo: mtu aliyewekwa na mahakama kuilinda mali ya wadai anasema aliahidiwa hisa na wanunuzi. Likithibitika, doa ni la pande zote mbili. Kesi ilizunguka miaka mingi, na mwaka 1893 Mahakama ya Juu ikamaliza kwa kusema Farley hakuthibitisha ahadi hiyo. Hill alishinda, wala sina ushahidi wa kumtia hatiani kuliko mahakama. Naitaja kesi hii kwa sababu ndani yake kuna mali iliyokuwa inagombewa: zaidi ya ekari milioni mbili za ardhi ya umma ambazo serikali iliipa reli ile kama ruzuku. Hill hakuiomba ruzuku hiyo mwenyewe. Aliinunua pamoja na mataruma.

Hapo ndipo ile hoja maarufu ya "bila senti ya serikali" inapoanza kupwaya, na kwa kuwa ndiyo dhaifu kuliko zote katika mjadala huu, tuimalize mapema. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya njia, kutoka Dakota kupita Montana hadi Seattle, ilijengwa bila ruzuku ya ardhi ya serikali kuu. Ni tofauti kubwa na Union Pacific na Central Pacific, zilizokopeshwa hatifungani za serikali kwa dola 16,000, 32,000 hata 48,000 kwa kila maili kulingana na ardhi, kisha Union Pacific ikazamishwa katika kashfa ya Crédit Mobilier, kampuni yake ya ujenzi iliyotoza bei za kupindukia. Ni tofauti pia na jirani yake Northern Pacific, iliyopewa haki ya ekari zipatazo milioni 40. Lakini faida iliyomwezesha Hill kukopa London kwa riba nafuu ilitoka kwenye reli ya Minnesota yenye ruzuku. Na njia ya kaskazini mwa Montana haikupita nyikani tupu. Ilipita kwenye ardhi ambayo serikali hiyo hiyo ilikuwa imewaahidi Wablackfeet, Waassiniboine na Wagros Ventre. Mwaka 1886 Rais Grover Cleveland alikataa kutia saini sheria ya kuruhusu reli kupita. Mwaka uliofuata Bunge likatoa ruhusa, na kwa makubaliano yaliyoidhinishwa 1888 makabila hayo yakaachia zaidi ya ekari milioni 17. Mtu akisema serikali haikumpa Hill kitu, ajibiwe kwamba ilimwondolea watu njiani. Hiyo si senti, ni zaidi ya senti, ila haiandikwi kwenye daftari la kampuni.

Baada ya kusema hayo, ni haki kumpa mtu chake. Mwaka 1887 vibarua wake walitandika zaidi ya maili 500 za reli, kutoka Minot hadi Great Falls, katika msimu mmoja. Lakini mwendo haukuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa mwinuko, na hapa naomba msomaji avumilie kidogo, kwa sababu bila kulielewa hili huwezi kumwelewa Hill. Gurudumu la chuma juu ya chuma katika tambarare linabingirika kwa nguvu ndogo mno, ndiyo siri ya reli nzima. Ukiinua njia mita moja tu katika kila mita 100, kitu ambacho mwendesha baiskeli hatakitambua, nguvu ya kuvuta tani moja huongezeka mara kadhaa. Kwa hiyo kichwa cha treni kilichokuwa kikivuta mabehewa mengi tambarare kinalazimika kuacha mengi yao chini ya mlima, au kisaidiwe na kichwa cha pili chenye makaa yake, maji yake na wafanyakazi wake. Gharama hiyo hailipwi mara moja kama ya ujenzi. Hulipwa kila treni, kila siku, kwa muda wote reli itakapokuwepo. Kona kali nazo vivyo hivyo, zinakula reli na magurudumu. Kampuni zilizojenga kwa kulipwa kwa maili zilikuwa na kila sababu ya kupindapinda. Hill alijenga kwa fedha ya kukopa itakayolipwa na treni, kwa hiyo alitaka njia fupi, isiyo na kona, isiyopanda. Mandhari ya milima aliwaachia wachora picha.

Desemba 1889 mhandisi wake John F. Stevens aliingia kwenye theluji ya Montana kutafuta pengo la Marias, mwongozaji wake, mwenyeji wa kabila la Flathead, akachoka njiani, na Stevens akamalizia hatua za mwisho peke yake. Vitabu husema "aligundua". Wenyeji walikuwa wakipita hapo vizazi na vizazi. Alichofanya Stevens ni kulipima. Pengo lile liko mita 1,589 juu ya usawa wa bahari, moja ya mapito ya chini kabisa katika uti wa milima ya Rocky, na lilimpunguzia Hill maili nyingi. (Stevens huyu ndiye baadaye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Mfereji wa Panama.) Milima ya Cascades haikumtii hivyo. Mwanzoni treni zilipanda kwa njia ya kwenda mbele na kurudi nyuma kama mtu anayepanda ngazi, hadi handaki lilipofunguliwa mwaka 1900, na hata baada ya hapo mlima haukusamehe: tarehe 1 Machi 1910, maporomoko ya theluji huko Wellington yalizisukuma treni mbili za Great Northern bondeni, wakafa watu 96. Njia nzima ilikamilika Januari 1893. Miezi michache baadaye uchumi wa Marekani ukaporomoka, Northern Pacific ikafilisika, Union Pacific ikafilisika, Santa Fe ikafilisika, karibu robo ya reli zote za nchi zikaingia mikononi mwa wasimamizi wa mahakama. Great Northern ikasimama.

Ilisimama kwa kuwa deni lake lilikuwa jepesi na gharama ya kuvuta tani moja ilikuwa ndogo. Ilisimama pia kwa kuwa wafanyakazi walikatwa mishahara mara kadhaa ndani ya miezi michache, jambo ambalo mashabiki wa Hill hulipita kimya. Aprili 1894 chama cha American Railway Union, chini ya Eugene Debs, kiliisimamisha reli nzima kwa siku 18. Usuluhishi uliongozwa na wafanyabiashara wa Minneapolis na St. Paul, akiwemo Charles Pillsbury wa viwanda vya unga, nao waliwapa wafanyakazi karibu yote waliyodai. Kilichowasukuma wenye viwanda kuamua hivyo si vigumu kukisia, unga ulikuwa umekwama ghalani. Hill alikubali. Miezi miwili baadaye mgomo wa Pullman, wa chama hicho hicho, ulizimwa kwa askari wa serikali kuu.

Kwa nini basi Hill huyu wa kwanza alishusha nauli? Si kwa ukarimu. Reli yake ilipita mamia ya maili bila mji wa maana. Ilimbidi autengeneze mzigo. Aliwaleta wahamiaji kwa nauli ya kutupa, akawagawia wakulima madume ya mbegu bora, akahubiri kilimo cha mzunguko wa mazao kwenye kila maonyesho yaliyomwalika. Mbao za Washington zilipoanza kwenda mashariki kwa wingi, mabehewa yakawa yanarudi matupu, na kwa mwenye reli behewa tupu ni sawa na duka lililofunguliwa bila bidhaa. Akatafuta cha kuyajaza akakitafuta hadi Asia: mwaka 1896 aliingia mkataba na Nippon Yusen Kaisha ya Japani, meli yake Miike Maru ikatia nanga Seattle mwezi Agosti, na pamba, unga na chuma cha Marekani vikapata njia ya kuelekea magharibi. Nauli ndogo ilikuwa chambo, na nafuu ilipatikana kweli, kwa sababu ilitoka kwenye mwinuko uliopunguzwa na behewa lililojazwa pande zote. Isipokuwa chambo hicho kilinasa na wasiostahili kunaswa. Walowezi waliovutwa kwenye ardhi kavu ya mashariki mwa Montana walipata mvua miaka michache, kisha ukame ulioanza 1917 ukawafukuza kwa maelfu. Hill alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Sasa tumwangalie wa pili. Northern Pacific ilipofilisika, Hill aliona nafasi. Reli hiyo ilikwenda sambamba na yake, kutoka Minnesota hadi bahari ile ile. Alitaka Great Northern iidhamini na ichukue nusu ya hisa zake. Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilikataa, kwa kuwa sheria ya Minnesota ilikataza reli kumiliki reli nyingine inayokwenda sambamba nayo. Kilichofuata ni kwamba Hill na wenzake, pamoja na J. P. Morgan, mwenye benki wa New York, walizinunua hisa kwa majina yao binafsi. Sheria ilikataza kampuni, haikuwataja watu. Wakati huo hakuna mlima uliopunguzwa wala kona iliyonyooshwa. Reli mbili zilizokuwa zikishindana kwa mteja mmoja zikawa na mwenyewe mmoja.

Mwaka 1901 mambo yakawa makubwa zaidi. Hill na Morgan waliinunua Chicago, Burlington & Quincy kwa dola 200 kwa hisa, Great Northern na Northern Pacific zigawane umiliki wake. Edward Harriman wa Union Pacific, aliyeitaka Burlington naye akanyimwa hata fungu, aliamua kupitia mlango wa nyuma: kuinunua Northern Pacific yenyewe sokoni, akisaidiwa na benki ya Kuhn, Loeb. Pande mbili zikanunua mpaka hisa zikaisha, na tarehe 9 Mei bei ikafika dola 1,000, wauzaji waliokuwa wameuza hisa wasizokuwa nazo, wakitumaini bei itashuka, wakilia barabarani Wall Street. Wakapatana. Novemba mwaka huo ikazaliwa Northern Securities, kampuni hodhi ya New Jersey yenye mtaji wa dola milioni 400, ya kuziweka Great Northern na Northern Pacific, na kupitia kwao Burlington, mahali ambapo hakuna mvamizi angefika tena. Mwaka 1902 serikali ya Theodore Roosevelt ikashtaki. Tarehe 14 Machi 1904 Mahakama ya Juu, kwa kura tano kwa nne, iliamuru ivunjwe.

Utetezi wa Hill katika jambo hili hauwezi kutupwa kama ule wa ruzuku. Alisema Northern Securities haikuwa ya kupandisha nauli, ilikuwa ngome dhidi ya wavamizi wa soko la hisa, na baada ya Mei 1901 nani angemwambia hao wavamizi ni wa kufikirika? Alisema Burlington ilikuwa ya lazima: iliifikisha Great Northern Chicago, ikamfungulia masoko ya mbao kwenye majimbo ya nyanda yasiyo na miti, na kumpa njia ya kuifikia pamba aliyoitaka kwa Asia. Hoja hii ya Burlington naikubali. Burlington iliendelea pale Great Northern ilipoishia, mzigo ukapita bila kubadilisha mikono. Hoja hiyo hiyo haifai kwa Northern Pacific, iliyokuwa inapita kando yake. Watetezi wake huziunganisha reli hizo mbili katika sentensi moja ili ubora wa moja uifunike nyingine. Huongeza pia kwamba hata baada ya hukumu Hill na Morgan walibaki na sauti katika reli zote, na mkulima hakukamuliwa. Ni kweli hakukamuliwa kama ilivyohofiwa. Lakini angalia kilichokuwa kimemzunguka Hill: sheria ya Hepburn ya 1906 ilikuwa imeipa tume ya serikali uwezo wa kuweka ukomo wa nauli, na mwaka 1909 reli ya tatu, Milwaukee Road, ilifika Pasifiki kwa njia yake yenyewe. Kumsifu Hill kwa upole wa miaka ile ni kumsifu ng'ombe kwa kutokula shamba lenye ua.

Turudi kwa Union Pacific na Norfolk Southern. Kwanza, tuache kuishangaa historia inavyojirudia kwa sura zile zile: Union Pacific ndiyo ile iliyokuwa ya Harriman, na mpinzani mkubwa wa muungano huu, BNSF, ni mjukuu wa reli za Hill, ambazo hatimaye ziliruhusiwa kuungana mwaka 1970 na leo zinamilikiwa na Berkshire Hathaway. Pili, wanaolia kwamba hii ni Northern Securities mpya wamekosea mfano. Union Pacific iko magharibi mwa Mississippi, Norfolk Southern mashariki, kwa sehemu kubwa moja inaanzia pale nyingine inapoishia. Ni Burlington zaidi kuliko Northern Pacific. Kontena linalotoka Los Angeles kwenda Pennsylvania leo hubadilisha kampuni Chicago, St. Louis, Memphis au New Orleans, na hapo linaweza kulala siku nzima au zaidi likingoja zamu. Ubishi kwamba hakuna cha kuokolewa hapo siukubali.

Ninachokataa ni ile hatua ya kimya kutoka "kuna nafuu" hadi "nafuu itamfikia mteja". Hill wa kwanza alilazimika kuigawa kwa sababu bila kuigawa mabehewa yangekuwa matupu. Mwenye kiwanda cha kemikali ambaye kiwanda chake kimeguswa na reli moja tu hana cha kumtishia mtu. Leo, akifika Chicago, angalau anaweza kuchagua apokelewe na Norfolk Southern au CSX, reli nyingine kubwa ya mashariki. Kampuni iliyoungana itakuwa na kila sababu ya kumshawishi, kwa bei au kwa uzembe wa makusudi, asichague. Na ikiruhusiwa, BNSF na CSX wataulizana kwa nini wao wabaki wapweke, nchi nzima ibaki na reli mbili kubwa zake. Halafu kuna suala la kama nafuu yenyewe itapatikana kwa wakati. Union Pacific ilimeza Southern Pacific mwaka 1996 kwa ahadi zinazofanana na hizi, na mwaka uliofuata yadi za Houston zikaziba, treni zikasimama kwenye njia kuu bila wafanyakazi, na Bodi ikalazimika kutoa amri ya dharura. Kuchora mstari mrefu kwenye ramani hakuvuti behewa.

Kanuni ambazo Bodi ilijiwekea mwaka 2001 zinamtaka mwombaji aonyeshe kwamba muungano utaongeza ushindani, si kwamba hautaupunguza tu. Ningekuwa miongoni mwa wajumbe wake, ningewauliza maswali ambayo Hill wa 1893 angeyajibu bila karatasi. Nafuu iko wapi hasa, yadi gani, saa ngapi, mabehewa mangapi yanayorudi matupu yatapata mzigo, na mzigo upi? Na mteja mwenye reli moja atakuwa na haki gani, kwa maandishi na kwa muda gani, ya kutaka behewa lake likabidhiwe kwa mshindani kwa bei inayojulikana? Majibu yakiwa mazuri, sioni dhambi kuwaruhusu. Yakiwa ni ramani na hotuba kuhusu Promontory, wakatafute tena.

Kuna mahali pa kutazama kwa anayetaka kujua nini hutokea jibu la swali la pili lisipoandikwa. Reli za Hill zilipoungana mwaka 1970, mkulima wa ngano wa Montana bado alikuwa na Milwaukee Road jirani, na bado alikuwa na tume. Mwaka 1980 Milwaukee Road iliacha njia zake za kwenda Pasifiki, na mwaka huo huo sheria ya Staggers ikalegeza udhibiti wa nauli. Ua wote ukaondoka kwa mkupuo. Wakulima wakafungua kesi dhidi ya Burlington Northern, wakidai nauli za ngano na shayiri ni za kukamua. Ikaenda kwenye tume, ikarudi mahakamani, ikaenda tena kwenye tume, tume ikavunjwa na mahali pake ikaja Bodi hii hii ya sasa. Walipata jibu mwaka 1997: haikuthibitika kwamba nauli zilizidi kiasi.